Ken Saro-Wiwa: Mwandishi aliyeuliza mafuta yanamwachia nini mvuvi

JINA la Ken Saro-Wiwa lilitajwa sana redioni mwezi Novemba 1995. Wengi wetu wakati huo tulikuwa ng'ambo ya mpaka, katika makazi na kambi za Tanzania, na misiba yetu wenyewe ilitutosha. Habari ya watu tisa walionyongwa siku moja kule Port Harcourt, Nigeria, ilipita masikioni kama habari nyingine yoyote. Leo nimeona niisimulie upya kwa sababu mbili. Kwanza, mtu huyu aliuza bidhaa dukani kabla hajawa maarufu, na wasomaji wengi wa ukurasa huu ni watu wa duka na mzigo. Pili, jambo alilolifia, yaani nani anapata faida ya mafuta na nani anabaki na uchafu wake, limekwisha kutufikia. Uganda wana mafuta chini ya Ziwa Albert na bomba la kilomita 1,443 la kuyapeleka Chongoleani, karibu na Tanga. Tanzania wana gesi Songo Songo na Mtwara. Na sisi Burundi, miaka ya 1980, kampuni ya Amoco ilitoboa visima viwili vya kutafuta mafuta katika uwanda wa Rusizi. Haikupata kitu cha kuuza, lakini walitoboa.

Kenule Beeson Saro-Wiwa alizaliwa Oktoba 10, 1941, mjini Bori, kusini mwa Nigeria, katika kabila la Waogoni. Baba yake, Jim Wiwa, alikuwa bwana misitu na baadaye chifu, mtu wa wake kadhaa na watoto wengi. Nchi ya Waogoni ni ndogo sana, yapata kilomita za mraba 1,000, yaani kama nusu ya mkoa wetu wa zamani wa Gitega. Miaka ya 1990 walikadiriwa kuwa watu 500,000 hivi. Msomaji wa Burundi hahitaji kuelezwa maana ya kubanana kiasi hicho. Watu wale walikula kwa mikono miwili: mmoja shambani, kwenye viazi vikuu na mihogo, na mwingine majini, katika vijito vya chumvi vinavyoingia na kutoka kwa maji kujaa na kupwa. Kandokando ya vijito hivyo ilisimama mikoko. Kwenye mizizi ya mikoko samaki huzaliana, kaa huchimba mashimo yao, chaza hung'ang'ania magogo, na kina mama huokota konokono wa maji wa kupikia mchuzi. Mikoko ikifa, samaki wa vijitoni hupotea, na hata wale wa bahari kuu hupungua, maana wengi wao walilelewa pale wakiwa wadogo.

Mtoto Ken alikuwa na akili ya darasani. Mwaka 1954 alipata nafasi katika Government College ya Umuahia, shule ile ile aliyosoma Chinua Achebe, ambaye sisi tuliosomea Tanzania tulimjua kwa kitabu cha Shujaa Okonkwo. Alikaa huko hadi 1961, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Ibadan kusoma fasihi ya Kiingereza, akamaliza 1965. Akawa mwalimu wa chuo kikuu. Kama si vita, huenda angezeeka akisahihisha insha.

Wakati yeye yuko shuleni, nchi ilikuwa inabadilika chini ya miguu yake. Mwaka 1956 mafuta yaligunduliwa Oloibiri, kwenye delta ya Mto Niger. Mwaka 1958 meli ya kwanza ya mafuta ghafi iliondoka Nigeria, na mwaka huo huo yaligunduliwa mafuta katika nchi ya Waogoni yenyewe, eneo la Bomu. Visima vikaongezeka. Mabomba yakalazwa juu ya ardhi, mengine yakipita uani mwa watu, yakielekea Bonny, kisiwa kilichoko mdomoni mwa bahari, ambako meli kubwa hupakia. Gesi iliyotoka pamoja na mafuta haikuwa na mnunuzi, hivyo ilichomwa pale pale kwenye mienge iliyowaka usiku na mchana. Kwa watoto wa vijiji vile, giza la usiku likawa jambo la kusimuliwa tu.

Mei 1967 Jimbo la Mashariki lilijitangaza kuwa nchi ya Biafra, na Julai vita vikaanza. Hapa wenzangu mliosomea Tanzania mtashtuka kidogo. Tanzania ya Mwalimu Nyerere ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, Aprili 1968, na sisi tulifundishwa hivyo kwa fahari. Saro-Wiwa alisimama upande wa pili. Aliona kwamba Biafra ingekuwa nchi ya Waigbo, na makabila madogo ya pwani, ambayo ndiyo yenye mafuta chini ya ardhi yao, yangebadilishiwa bwana tu. Alitoroka akavuka kwenda upande wa serikali ya shirikisho. Mwishoni mwa 1967, akiwa kijana wa miaka 26 hivi, aliteuliwa kuwa msimamizi wa bandari ya Bonny.

Sina hakika kama wanaomsifu leo hukumbuka sana kipindi hicho, lakini kwa maoni yangu ndicho kilichomfundisha. Kule Bonny aliona mwisho wa bomba. Aliona mali inayotoka kwao ikimiminwa ndani ya meli inayokwenda Ulaya. Nyuma yake Waogoni walikuwa wakihamishwa kwa nguvu, wakisukumwa kambini na kufa kwa njaa na maradhi. Walioponea walirudi makwao vita vilipopungua. Walikuta nyumba zimeanguka. Visima vya mafuta vilirudishwa kazini haraka kuliko shule na zahanati.

Vita vilipokwisha Januari 1970, Saro-Wiwa alikuwa tayari waziri katika serikali ya Jimbo la Rivers, ambako alishika elimu miongoni mwa kazi nyingine. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kiko mdomoni na ulimi mkali. Mwaka 1973 aliondolewa serikalini. Alikuwa amezidisha kudai Waogoni wapewe mamlaka ya kujiendeshea mambo yao.

Basi akaingia biashara. Alifungua duka la vyakula Port Harcourt, akaagiza na kusambaza bidhaa, akanunua nyumba na viwanja. Ilikuwa miaka ambayo bei ya mafuta imepanda, pesa zimejaa Nigeria, na mwenye bidii alipata. Alipata. Wapo waliomcheka baadaye kwamba mtetezi wa maskini alikuwa tajiri, na kwamba aliwapeleka watoto wake kusoma Uingereza katika shule za gharama. Hilo ni kweli. Lakini pesa hiyo ya duka ndiyo iliyomwezesha kuchapisha vitabu vyake mwenyewe bila kumpigia magoti mtu, maana alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Saros.

Mwaka 1985 alitoa riwaya ya Sozaboy. Ni habari za kijana Mene, tingo wa gari, anayejiunga na jeshi ili aonekane mwanamume, bila kujua vita ni vya nani. Anaporudi kijijini kwake Dukana anakuta mama yake na mkewe wamekufa kwa bomu, na majirani wanamkimbia wakidhani ni mzimu. Aliyewahi kurudi kwao baada ya miaka mingi na kukuta mtu mwingine amelala kitandani mwake ataielewa riwaya hiyo bila mwalimu. Lugha yake nayo ni ya kipekee. Saro-Wiwa aliiandika kwa Kiingereza kilichovunjwa kwa makusudi, kile cha sokoni na kwenye magari, kama vile mtu angeandika kitabu kizima kwa Kiswahili chetu cha Kobero, kilichotiwa Kirundi na Kifaransa ndani yake. Mwaka huo huo alianza mchezo wa televisheni, Basi & Company, juu ya bwana mmoja wa Lagos anayetaka kuwa milionea bila kufanya kazi. Ulionyeshwa hadi 1990 na ulikadiriwa kuwa na watazamaji milioni 30. Nigeria nzima ilimcheka yule bwana, nayo ilikuwa inajicheka yenyewe, kwani nchi ilikuwa imeacha jembe ikisubiri pesa ya mafuta.

Sasa tuingie kwenye hesabu, kwa sababu bila hesabu mambo yaliyofuata hayaeleweki. Wakati Nigeria inapata uhuru mwaka 1960, katiba ilisema nusu ya mrabaha wa madini, asilimia 50, irudi katika jimbo yalikotoka. Wakati huo mali kubwa ilikuwa kakao, karanga na mawese ya makabila makubwa. Mafuta ya makabila madogo yalipopanda thamani, kanuni ikaanza kupunguzwa. Mwaka 1969 serikali ya kijeshi ilitangaza kwamba mafuta yote ni mali ya dola. Mwaka 1971 iliongeza amri nyingine: mapato yote ya mafuta yanayochimbwa baharini ni ya serikali kuu peke yake, jimbo la pwani lisipate kitu. Kufikia miaka ya 1980 fungu la majimbo yenye mafuta lilikuwa asilimia 1.5 tu.

Amri ile ya 1971 inastahili kutazamwa mara mbili. Mafuta ya baharini huchimbwa mbali, na mtu wa nchi kavu aweza kudhani kwamba hayamgusi mtu. Maji ya bahari hayaui mpaka. Januari 1980 kisima cha Funiwa 5 cha kampuni ya Texaco, kilichokuwa baharini mbele ya delta, kililipuka. Zaidi ya mapipa 200,000 ya mafuta yalimwagika, upepo na mawimbi yakayaleta pwani, na mamia ya ekari za mikoko zikafa. Wavuvi wa vijiji vya karibu walipata hasara yote, wakati kwa mujibu wa amri ile jimbo lao halikuwa na haki hata ya senti katika mapato ya kisima hicho. Mwizi akiingia kwa jirani tunasema ni shauri la jirani. Moto je?

Nchi kavu nako kulikuwa hivyo hivyo. Mwaka 1970 kisima kimoja cha Bomu kililipuka na kumwaga mafuta mashambani na mitoni. Miaka iliyofuata mabomba yaliendelea kuvuja. Mengine yalikuwa yamechakaa, mengine yalitobolewa na wezi. Kampuni ya Shell, iliyokuwa ikiendesha sehemu kubwa ya kazi kule kwa ubia na serikali, ilisema mara nyingi kwamba uharibifu mwingi ulitokana na hujuma. Wakazi walisema mabomba yalikuwa kuukuu na yasingeruhusiwa huko Ulaya. Ukweli una pande zote mbili, lakini mzigo haukuwa sawa: mwenye bomba alikuwa na bima, mafundi na mawakili, na mwenye kijito alikuwa na wavu.

Mwaka 1987 Rais Ibrahim Babangida alimpa Saro-Wiwa kazi serikalini, ya kuhamasisha umma kujiandaa na utawala wa kiraia. Aliikubali, na mwaka uliofuata akajiuzulu, akiona wanajeshi hawana nia ya kuondoka. Wapinzani wake hawakuacha kumkumbusha kazi hiyo. Kisha akageukia kwao.

Agosti 1990 machifu na wasomi wa Ogoni waliweka saini hati ya haki za Waogoni, na kikaundwa chama cha kuwapigania kilichojulikana kwa kifupi kama MOSOP. Rais wa kwanza hakuwa Saro-Wiwa bali Garrick Leton. Yeye alikuwa msemaji. Hati hiyo haikudai nchi mpya, wala haikudai visima vizibwe. Ilidai Waogoni wajiendeshee mambo yao ndani ya Nigeria, wapate fungu la haki la mali ya ardhi yao, lugha zao zitambuliwe, na mazingira yao yalindwe yasiharibike zaidi. Nasisitiza hili kwa sababu hapa kwetu mtu akiuliza habari ya usalama wa ziwa huambiwa mara moja kwamba anapinga maendeleo. Saro-Wiwa alikuwa mfanyabiashara. Alijua mafuta ni mali. Alichouliza ni kwa nini gharama moja, ile ya maji na udongo, haiandikwi kwenye daftari.

Alizunguka Ulaya na Marekani akitafuta masikio. Wanaharakati wengi mwanzoni hawakumsikiliza, kwani Ogoni haikuwa kwenye ramani yao. Alipoona neno mazingira linafungua milango ambayo neno kabila linaifunga, alilitumia. Wengine wanamlaumu kwa hilo, kwamba alivaa kanzu ya mazingira juu ya shati la siasa. Mimi sioni kosa. Mvuvi ambaye kijito chake kimejaa mafuta hana namna ya kutenganisha siasa na mazingira.

Mwishoni mwa 1992 MOSOP iliziandikia Shell, Chevron na shirika la mafuta la taifa kudai dola bilioni 10 za mrabaha na fidia, ikatoa muda wa siku 30. Hakukuwa na malipo. Januari 4, 1993, Waogoni wapatao 300,000 waliandamana kwa amani wakiwa na matawi mikononi. Zaidi ya nusu ya kabila zima ilikuwa barabarani siku hiyo. Mwaka huo huo Shell ilisimamisha uchimbaji Ogoni, ikieleza kwamba usalama wa wafanyakazi wake ulikuwa hatarini. Visima vikanyamaza, lakini bomba kuu linalopeleka mafuta ya maeneo mengine Bonny liliendelea kupita Ogoni na mafuta ndani yake.

Ulikuwa mwaka mgumu kwake. Machi 1993 mwanawe Tedum, mvulana wa miaka 14, alifariki ghafla shuleni Uingereza. Juni akawekwa kizuizini. Ndani ya MOSOP kukazuka mgogoro juu ya kususia uchaguzi wa rais wa Juni 12. Leton na wenzake wakajiuzulu, Saro-Wiwa akachaguliwa rais. Vijana wakapata nguvu, wazee wakaanza kuitwa wasaliti, na maneno ya Saro-Wiwa mwenyewe dhidi ya wazee hao hayakuwa ya kupoza. Wakati huo huo vijiji vya Ogoni vilishambuliwa, ikatangazwa kuwa ni ugomvi wa makabila jirani, ingawa silaha zilizotumika hazikuwa za wavuvi. Novemba 1993 Jenerali Sani Abacha alichukua madaraka.

Mei 21, 1994, machifu na viongozi wanne wa Ogoni waliokuwa wametofautiana na mwelekeo wa MOSOP walivamiwa na kundi la watu huko Giokoo wakauawa kikatili: Edward Kobani, Albert Badey, na Samuel na Theophilus Orage. Ni watu waliokuwa na familia, na mmoja wao, Kobani, alikuwa rafiki wa zamani wa Saro-Wiwa. Siku hiyo Saro-Wiwa alikuwa amezuiwa na askari barabarani na kurudishwa. Hata hivyo kesho yake alikamatwa, akishitakiwa kuwa ndiye aliyechochea. Majeshi yakamwagwa Ogoni. Watu wakapigwa, wakaporwa, wakakimbilia porini, na baadhi wakavuka mipaka hadi kambi za wakimbizi nchini Benin. Wapo Waogoni waliosoma shule za kambini kama tulivyosoma sisi.

Kesi haikupelekwa katika mahakama za kawaida. Liliundwa baraza maalumu, lenye ofisa wa jeshi miongoni mwa wajumbe wake, ambalo hukumu yake haikukatiwa rufaa. Mawakili wa utetezi walijitoa katikati wakisema hakuna haki itakayopatikana humo. Baadhi ya mashahidi walitoa viapo kwamba walihongwa ili wamtaje Saro-Wiwa. Shell, iliyotajwa katika viapo hivyo, ilikana. Akiwa kizuizini alipewa tuzo mbili kubwa za kimataifa, Right Livelihood mwaka 1994 na Goldman mwaka 1995. Mwishoni mwa Oktoba 1995 yeye na wenzake wanane walihukumiwa kifo. Baraza la kijeshi lilithibitisha hukumu hiyo Novemba 8, na Novemba 10 wakanyongwa katika gereza la Port Harcourt, wakati viongozi wa Jumuiya ya Madola wanakutana Auckland, New Zealand. Kesho yake Nigeria ilisimamishwa uanachama wa jumuiya hiyo. Alikuwa na umri wa miaka 54. Baba yake, mzee Jim Wiwa, aliishi miaka mingine kumi baada yake.

Waliomnyonga walidhani wamefunga faili. Katiba ya Nigeria ya mwaka 1999 iliweka fungu la majimbo yenye mafuta lisipungue asilimia 13. Kisha ugomvi wa bahari ukarudi. Aprili 2002 Mahakama Kuu Kabisa ya Nigeria iliamua kwamba mafuta ya baharini si ya majimbo ya pwani, na pwani nzima ikapiga kelele. Mwaka 2004 bunge likapitisha sheria kwamba mafuta yanayochimbwa baharini hadi kina cha meta 200 yahesabiwe kuwa ya jimbo lililo mbele yake. Mtu wa ufukweni alihesabiwa katika mali ya maji yake, ingawa si yote, kwani visima vya kina kirefu vilibaki nje.

Na huko kwenye kina kirefu ndiko makampuni yalikokuwa yanakwenda. Ni rahisi kuelewa sababu. Hakuna kijiji baharini, hakuna wanaoandamana wala wanaotoboa bomba usiku. Kisima cha Bonga cha Shell, kilomita 120 hivi kutoka pwani, kilianza kutoa mafuta 2005. Desemba 2011 mapipa yapatayo 40,000 yalimwagika huko wakati meli inapakiwa. Kabla ya hapo, Januari 1998, bomba la Mobil lililoko chini ya bahari huko Idoho lilipasuka, na kiasi kama hicho kikasafiri na mkondo hadi pwani ya Lagos, mamia ya kilomita.

Kule Ogoni kwenyewe, mwaka 2008 lile bomba kuu lilivuja mara mbili eneo la Bodo na kujaza vijito vyote mafuta. Wavuvi walifungua kesi London, na Januari 2015 Shell ikakubali kulipa pauni milioni 55. Kabla ya hapo, mwaka 2009, ilikuwa imezilipa familia za walionyongwa na wadai wengine dola milioni 15.5 mjini New York, bila kukiri kosa. Agosti 2011 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti ya uchunguzi wake Ogoni. Katika kijiji cha Nisisioken Ogale watu walikuwa wakinywa maji ya visima yenye benzini, sumu inayosababisha kansa, zaidi ya mara 900 ya kiwango kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani. Ripoti ilisema kurudisha nchi ile katika hali njema kwaweza kuchukua miaka 25 hadi 30, na ikapendekeza zianze kutengwa dola bilioni moja. Haikuwaficha wenyeji wanaoiba mafuta na kuyachemsha kwenye matanuru ya porini. Nao walitajwa kama wachafuzi. Kazi ya kusafisha ilizinduliwa Juni 2016. Mahali palipokufa mikoko, mara nyingi humea mnipa, mchikichi wa kigeni usiolisha samaki kama mikoko ilivyofanya, na sehemu ya kazi ni kuung'oa na kupanda miche ya mikoko mmoja mmoja kwenye tope.

Mwalimu akifundisha somo hili hana budi kuangalia karibu. Pale Mtwara, visima vya gesi vya Mnazi Bay na hifadhi ya bahari ya Mnazi Bay na mlango wa Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, viko mahali pamoja. Mwaka 2013 wananchi wa Mtwara waliandamana juu ya bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, na watu walikufa. Mwaka 2003 Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia saini Dar es Salaam mkataba wa kulihifadhi Ziwa Tanganyika. Maji ya ziwa hili, kinyume na ya bahari, hutoka kidogo sana kupitia Mto Lukuga. Kinachoingia humo hukaa. Anayenunua ndagala Rumonge na kuwapeleka Gitega anakula kutoka kijito kile kile, kwa namna ya kusema, alichokula mama wa Bodo. Tukianza kutafuta mafuta tena, daftari lifunguliwe likiwa na safu ya mvuvi tangu siku ya kwanza. Nigeria waliiongeza baada ya miaka hamsini, kwa dola bilioni.

Machi 2025 Shell ilikamilisha kuuza kampuni yake ya nchi kavu kwa kundi la wenyeji liitwalo Renaissance, yenyewe ikabaki na visima vya kina kirefu. Juni 12 mwaka huo huo Rais Bola Tinubu alitangaza msamaha kwa Saro-Wiwa na wenzake wanane, pamoja na nishani za taifa. Wengi Ogoni hawakuridhika, wakisema anayesamehewa ni mwenye hatia, na kwamba wanachotaka ni hukumu yenyewe ifutwe.

Nimalizie na habari ya forodha, ambayo wasafirishaji watanisamehe. Mwaka 2006 msanii Sokari Douglas Camp, mzaliwa wa pwani ile ile, alitengeneza London basi la chuma kwa kumbukumbu ya Saro-Wiwa, na juu ya keria yake mapipa ya mafuta yenye majina ya wale wanane walionyongwa naye. Mwaka 2015, miaka 20 baada ya vifo vyao, basi lilipakiwa melini kwenda Ogoni kama zawadi. Lilipofika bandari ya Lagos forodha ililikamata. Makaratasi yake yalikuwa kamili. Kilichokataliwa ni maandishi yake. Mkuu mpya wa forodha ya Nigeria, aliyeteuliwa mwaka huo, alikuwa Kanali mstaafu Hameed Ali, mmoja wa wajumbe wa lile baraza maalumu lililomhukumu Saro-Wiwa kunyongwa.